Kazi Yangu Kung'oa Wasiofanana

Saa kumi na mbili asubuhi, umande bado mzito,
naingia shambani na daftari.
Kituo chetu kiko nje ya Tbilisi, nyuma ya kiwanda cha chupa.
Mistari mia mbili ya ngano, kimo kimoja, rangi moja,
gwaride lililonyolewa na kinyozi mmoja.
Namtafuta aliyewazidi wenzake kichwa,
aliyechelewa kuiva,
mwenye ndevu katikati ya wasio na ndevu.
Namng'oa na mizizi yake, namtia guniani.
Miaka kumi na tisa sasa.

Sisemi ni kazi mbaya.
Nilikuwa na miaka kumi na mmoja wakati wa foleni za mkate,
nimesimama tangu saa nane za usiku, kuponi imeloa kiganjani.
Naujua uzuri wa suke zito juu ya bua fupi
lisiloangushwa na upepo.
Atakayeibeza ngano hii
na aanze kwa kulala njaa.

Ila kila Agosti napanda basi kwenda Lechkhumi
kwa shangazi Tsiala, ambaye shamba lake,
lingekuwa la kituo, ningeling'oa lote.
Masuke marefu, mafupi, mekundu, yenye vumbi la unga usoni;
makha na zanduri pamoja,
na nyingine anayoiita tu "ile ya mama".
Mundu hapo hauna kazi, suke la makha huvunjika kwa kuguswa.
Tunavuna kwa shnakvi, vijiti viwili vilivyounganishwa kwa uzi:
unabana, unavuta, trrr, kikapuni,
na mabua yanabaki yamesimama bila vichwa.

"Shangazi, mbona huchagui moja iliyo bora?"
"Bora kwa mwaka upi?"
Hakuinua hata macho.

Mwaka wa mvua nyingi, kutu ilifika kituoni.
Jumatatu madoa. Ijumaa suruali zetu
zilikuwa rangi ya chungwa hadi magotini.
Walifanana wote, basi wakaugua wote,
nyumba mia mbili za kufuli moja
na mwizi ameshaupata ufunguo.
Daktari Vakhushti, aliyeiunda aina ile kwa miaka kumi na minne,
alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, sigara mdomoni, hakuiwasha.
Kisha akaniita: "Kwenu kule, bado kuna zanduri?"

Shangazi alimpa kikombe kimoja, kimejaa.
Hakudai kitu. Alisema tu, kikombe kirudi.

Ikapita miaka minane ya kuzalisha,
chotara tasa, chotara dhaifu,
mpaka jeni moja ya zanduri ikakaa ndani ya ngano yetu fupi
kama mgeni aliyepewa chumba cha uani.
Kutu ikaja, ikabisha hodi, ikapita.
Tulipiga makofi. Mimi pia nilipiga.

Mbegu mpya ikapanda milima kwa lori.
Ambrosi akaipanda. Gvantsa akaipanda.
Mavuno mara tatu, na mashine inaingia; nani awalaumu?
Shnakvi zao zimetundikwa ukutani kwenye mkahawa, watalii wazipige picha.
Shangazi alipofariki, shamba lilikwenda kwa mwanawe,
naye ana watoto wa kusomesha.

Zanduri yake iko kwenye kabati la baridi,
nyuzi kumi na nane chini ya sifuri, bahasha ya fedha, namba 4117.
Imelala salama. Haijui
kwamba theluji siku hizi huyeyuka mapema,
wala kwamba kutu, huko nje, haikuacha shule.

Jana nilimkuta mmoja mstari wa tisini,
mrefu, uso wa unga.
Najua si zanduri; ni ajali tu ya chavua.
Nilimng'oa, ndiyo kazi.
Lakini punje zake, thelathini na moja, sikuziandika daftarini.

Kikombe nilikiona mezani kwa Vakhushti, kimejaa kalamu.
Nimekiosha.
Basi la Lechkhumi huondoka saa mbili.